Soketi ya Pili Nyumbani kwa Akina Lindahl

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari, Bi Verna Kivisto anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kukagua umeme katika kaunti yetu, na ukuta nyuma ya mashine ya kahawa hapa ofisini bado una joto. Nitaurudia huo ukuta.

Alianza kama fundi umeme kwenye machimbo ya chuma. Tangu aje kwetu, mafundi wote huku kaskazini wanalijua gari lake la kijani, na wakiliona linakata kona kwenye theluji hukumbuka makosa yao yote. Si mkali. Ila kabla ya kutoa kipimo huweka kiganja ukutani na kunyamaza, kama anayepima homa ya mtoto. Tulimcheka sana kwa hilo, mpaka siku ya nyumba ya akina Lindahl.

Walikuwa wamenunua nyumba ya zamani, na kitanda cha mtoto wao mchanga kilikwisha kuegemezwa ukutani. Ilibaki sahihi ya Verna tu. Chumbani mle kulikuwa na soketi moja ya tundu moja, ya ampea 15, kwenye laini ya umeme ya ampea 20. Kanuni inakubali soketi za 15 kwenye laini ya 20 zikiwa mbili au zaidi, kwa kuwa zinagawana mzigo. Iliyo peke yake lazima iweze kubeba laini nzima. Verna akakataa kusaini.

“Bi Verna, usinichoshe bwana!” alilalamika fundi Duane. “Haiko peke yake. Nimezima swichi kuu zote, breka zote, ila ya laini hii, sijachomeka kitu, na mita inazunguka. Ina mwenzake mahali.”

“Haya, nionyeshe huyo mwenzake.”

“Si ndiye huyo simwoni!”

“Basi mtoto halali humu.”

Verna akaweka kiganja ukutani juu ya kitanda, kisha akamwambia mama amtoe mtoto nje. Duane akabandua mbao za ukuta. Nyuma ya ukuta palikuwa na kichumba kisicho na mlango. Taa ya mezani ilikuwa inawaka kwenye soketi ya pili, kiti kidogo kimeelekezwa ukutani, na mbao za upande wa kitanda zimeungua zikawa nyeusi. Kila kitu mle kilijaa vumbi, isipokuwa balbu.

Kikanuni Duane alishinda, maana soketi zilikuwa mbili, na hujisifia mpaka leo. Ila ngazi yake aliyoiacha mle hakurudi kuichukua.

Jumatatu hii, hapa ofisini, Verna alimimina kahawa, akaweka kiganja ukutani nyuma ya mashine. Laini ya ukuta huo ina soketi moja tu, aliikagua mwenyewe. “Haiko peke yake,” akasema, akamalizia keki yake. Tumezima breka. Joto halijapungua, na mimi naogopa, sifichi.

Asante, Bi Verna, kwa watoto waliolala salama bila kujua jina lako. Tunakuombea afya, samaki wengi chini ya barafu na asubuhi zisizo na haraka. Ila Ijumaa, keki ikishakatwa, tunabandua ukuta. Tafadhali usiondoke mapema.