Simu Kumi na Tisa Dirishani kwa Meya

Trajanka alikuwa amefika nusu ya gunia la kwanza. Pilipili hoho nyekundu zilikuwa zikiungua ngozi juu ya jiko la bati, mbele ya mlango wa tatu wa jengo lao mjini Veles, naye alizigeuza kwa vidole kwa sababu koleo lilipotea mwaka jana na hakupata muda wa kulitafuta. Ilikuwa Septemba. Kila jengo mtaani lilifuka moshi wa pilipili za akiba ya majira ya baridi, na kila jengo lilikuwa na benchi lake la watu wanaomtazama mwenzao akifanya kazi. Benchi la mlango wa tatu lilikuwa na watatu: Spase, mwenyekiti wa ngazi, yaani wa wakazi wa mlango ule, aliyeitwa Meya, Ilo, aliyepuliza tarumbeta harusini miaka thelathini, aliyeitwa Tarumbeta, na Menka, aliyeitwa Redio, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea. Buli la kahawa lilikaa kwenye kona ya jiko. Kazi pekee ya Redio ilikuwa kuliangalia lisifurike, na lilikuwa limeshafurika mara mbili.

— Mwambie binti yako aanze kutushukuru, Meya alisema. Hadi jana usiku wimbo wake ulishasikilizwa mara elfu nne. Elfu nne, Trajanka! Mji huu hauna watu elfu nne wanaosikilizana.

— Atashukuru akishuka. Sogeza mguu, nataka hiyo sufuria.

Bistra akashuka. Alishuka ghorofa zote nne akikimbia na ndala, simu mkononi, uso umepauka.

— Wimbo wangu wameuondoa.

— Nani kauondoa?

— Wenye programu ya nyimbo. Haupo. Ukiutafuta, huuoni.

Pilipili moja ilipasuka juu ya jiko na hakuna aliyeitazama. Wote walijua maana ya wimbo kuondolewa. Bistra aliutunga wimbo huo mwenyewe, akaurekodi jikoni kwa mama yake, akauweka mtandaoni mwenyewe, bila kampuni wala bosi. Tamasha la ziwani lilikuwa limebakiza nafasi moja ya Jumamosi, na Lila, mwandaaji, alikuwa amemwambia wazi: nionyeshe kwamba kuna watu wanaokusikiliza kweli. Angeamua leo, saa moja jioni.

— Ni Zvonka wa mlango wa kwanza, Redio alisema papo hapo. Binti yake naye anaimba. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Kaona wivu, kaandika barua.

— Barua kwa nani?

— Kwa mtandao.

— Mtandao hauna sanduku la posta, Redio.

— Ndiyo maana kaandika nyingi.

Tarumbeta akatikisa kichwa.

— Acheni umbea. Ni akodiani anayopiga, kile kinanda cha kifuani. Mashine za kule hazijazoea akodiani. Zikiisikia zinadhani king'ora, zinafunga. Ingekuwa tarumbeta isingefungwa.

— Tarumbeta hata sisi tungeifunga, alisema Meya. Nyie mnatazama karibu mno. Tazameni mbali. Kuna nchi haipendi kutuona tukifanikiwa.

— Nchi gani?

— Siitaji.

— Unaogopa?

— Siitaji kwa sababu ziko nne.

— Na moshi je? Redio akauliza. Moshi huu wa pilipili unapanda unaziba setilaiti. Mwaka jana nilichoma kilo thelathini, televisheni ikaganda siku mbili, mpaka nilipolipa bili.

— Sasa ilirudi moshi ulipoisha au ulipolipa?

— Vyote vilitokea siku moja. Ndiyo nakwambia, haya mambo yanaendana.

— Jamani! Bistra alisema. Wameandika sababu. Sikilizeni. "Wimbo huu umechezwa mara elfu nne na mia moja kutoka nyumba moja. Usikilizaji huu si wa kweli."

Tarumbeta akatazama viatu vyake. Redio, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaliangalia buli la kahawa. Trajanka aligeuza pilipili iliyokuwa imeshageuzwa, kwa sababu nyumba hiyo aliijua, na simu moja kati ya zilizokuwemo ilikuwa yake.

Meya alikuwa amepanga zamu. Pale ukutani, pembeni ya orodha ya zamu za kupiga deki ngazi, alibandika nyingine ya zamu za kusikiliza: Jumatatu Ilo, Jumanne Menka, na kuendelea. Kila jioni mwenye zamu alipita mlango kwa mlango akikusanya simu, na Meya akazipanga dirishani kwake, kila moja ikirudia wimbo uleule mpaka asubuhi.

— Mjomba Spase, Bistra alisema polepole. Mlitumia waifai yako?

— Waifai ya ngazi nzima, mwanangu. Ya bure! Kwa nini watu wachome bando?

— Simu ngapi?

— Kumi na tisa. Zingekuwa ishirini, ila ya Ilo ni ya vibonye.

— Mjomba, wao kule wanaona nyumba moja, wimbo mmoja, usiku kucha. Wanadhani nimenunua wasikilizaji bandia!

— Bandia? Meya akasimama. Mimi? Nina miaka sabini na moja na presha!

Bistra akakaa chini kwenye kreti, akaziba uso, mabega yakitikisika. Trajanka hakujua kama ni kicheko au kilio, na kwa moshi ule macho hayakusaidia. Alitaka kusema neno, lakini trekta ikasimama mbele yao. Alikuwa Petkana, muuza pilipili, na gunia la pili. Akalishusha peke yake, akakaa juu yake na buti zake za mpira, akapewa kikombe. Wote wakamsimulia kwa pamoja: wivu wa Zvonka, akodiani, nchi nne, moshi, dirisha la Meya. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Sawa, alisema. Wimbo wenyewe unasemaje?

Redio akamtazama Tarumbeta.

— Unaanza na akodiani, Tarumbeta akajaribu.

— Halafu?

— Halafu unaendelea.

— Tulizima sauti, Meya alisema. Nesi wa ghorofa ya pili analala mchana.

— Na usiku je?

— Usiku tunalala sisi.

Petkana akamgeukia Trajanka.

— Na wewe, mama yake?

Trajanka alikuwa na jibu la kila kitu: la mwenye nyumba, la daktari, la fundi wa lifti asiyekuja. Ila wimbo wa binti yake aliusikia vipande vipande, bomba la maji likiwa wazi.

— Nilikuwa naosha vyombo, alisema. Akainua kichwa. Bistra, kalete akodiani.

— Mama, saa kumi na mbili hii. Saa moja Lila anaamua.

— Basi kimbia.

Bistra akaimba akiwa amesimama kati ya jiko na benchi. Wimbo ulihusu lifti mbovu ya mlango wa tatu. Ubeti wa kwanza ulimwimba mzee anayebandika matangazo mapya ya lifti juu ya ya zamani, mpaka karatasi imekuwa nene kuliko ukuta.

— Nimo! Meya akapiga kelele. Huyo ni mimi!

— Kaa kimya, tusikie kama nami nimo, alisema Redio.

Alikuwemo, ubeti wa pili, akipumzika kila ghorofa ili asikilize milango. Alicheka mpaka akamwaga kahawa, safari hii ya kikombe chake mwenyewe. Tarumbeta hakuwa na chombo, akapuliza kwa midomo, mashavu yamejaa, na akapuliza vizuri. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa mwanamke wa ghorofa ya nne anayeita watoto kwa dirisha, kwa sauti inayosimamisha hata mabasi.

— Siiti hivyo, Trajanka alisema.

— Unaita hivyo! watu wa balkoni tano juu yao wakajibu.

Alipojitazama, mguu wake ulikuwa unapiga chini na pilipili nane zilikuwa zimekuwa mkaa. Petkana alikuwa ameishika simu juu muda wote, akirekodi.

— Nimewatumia watu wa kijijini kwetu walio ughaibuni. Wapo Melbourne, wapo Malmö.

— Wangapi? aliuliza Bistra.

— Sijui. Wote ni binamu.

Bistra akaichukua ile video, akamtumia Lila pamoja na ukweli wote: zamu, dirisha, sauti iliyozimwa. Kisha akanawa mikono, akaanza kumenya pilipili na mama yake. Saa moja kasoro dakika saba simu ikalia, akausoma ujumbe wa Lila kwa sauti, vidole vyeusi.

— "Wasikilizaji bandia hawapulizi kwa midomo namna ile. Njoo Jumamosi. Wa benchi nao waje, tutawawekea viti mbele."

Wakapiga kelele mpaka Zvonka akatoka mlango wa kwanza kuuliza nani kaoa. Nesi wa ghorofa ya pili alishuka na kanzu ya kulalia, akitaka kujua kwa nini hakuna aliyemwamsha mapema. Melbourne nako kulikuwa kumeanza kujibu: dada mmoja wa huko alisema alizaliwa ghorofa ya tano ya jengo lilelile, na lifti haikufanya kazi hata enzi zake. Alitaka beti za ziada. Meya akaanza kupanga zamu za nani akae kiti cha mbele kwenye gari, na Redio akaichana karatasi yake.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Trajanka akalaza ubao wa kupigia pasi juu ya kreti mbili, akapanga pilipili zilizomenywa na vitunguu saumu, jibini jeupe, na mikate mitatu. Mume wake Risto akatokea kwenye kona, amevaa sare ya kazini, akiuliza moshi wote huu wa nini. Akaambiwa akae, ataelezwa akitafuna.

Trajanka akawahesabu kwa kisu cha mkate: Meya, Tarumbeta, Redio, nesi, Petkana, Zvonka aliyejileta mwenyewe, Risto, Bistra.

— Wanane, na mimi wa tisa. Wote wapo, alisema, akakaa. Kuleni.