Mashine ya Mjerumani

KINYOZI: Haloo? Nani tena?

MAMA PACHA: Jirani yako, Mama Pacha. Umenikatia simu nikiwa katikati ya neno.

KINYOZI: Shemeji, ulikuwa unanitukana.

MAMA PACHA: Na sijamaliza. Miaka mitatu unamwita mume wangu mwizi mbele ya wateja wako. Sasa hicho kitu ninacho mkononi.

KINYOZI: Kitu gani?

MAMA PACHA: Hiyo mashine ya wembe ya kunyolea ndevu, unayoililia kama marehemu.

KINYOZI: Usinichezee. Yangu ni ya Mjerumani.

MAMA PACHA: Hii ina ukoko, hata huyo Mjerumani hawezi kuijua.

KINYOZI: Mwisho wa mpini kuna kirungu cha kuzungusha?

MAMA PACHA: Kipo, kimeganda kwenye moja. Ngoja niitumbukize kwenye siki—

KINYOZI: Hapana, hapana. Siki itakula mng'aro wote wa nikeli. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani.

MAMA PACHA: Wa zamani upo mmoja tu, wa mume wangu. Bado anautumia.

KINYOZI: Huohuo.

[mtandao unakwaruza]

KINYOZI: Haloo? Umezama?

MAMA PACHA: Nasugua, bwana. Maji yamekuwa kama ya kudekia. Haya, kirungu kinazunguka... kofia yake imechomoka.

KINYOZI: Geuza hiyo kofia. Chini yake pameandikwaje?

MAMA PACHA: Herufi za sisimizi. Ger... many.

KINYOZI: Ndiyo yenyewe. Si unaona? Imetoka kwa nani, kama si kwa—

MAMA PACHA: Tulia. Hizi namba za kirungu, moja mpaka tano, ni za nini?

KINYOZI: Za kupanga wembe. Moja unachungulia tu, kwa ngozi laini kama yangu. Tano unatoa meno. Mumeo, na ndevu zile za brashi ya viatu, hashuki chini ya nne.

MAMA PACHA: Na nimeikuta imeganda kwenye ngapi?

KINYOZI: Moja.

MAMA PACHA: Mwizi gani huyo, aibe asinyolee?

KINYOZI: Labda aliificha—

MAMA PACHA: Ilikuwa ndani ya bitana ya koti. La kijivu, kifungo kimoja cha bluu.

[mkasi unaanguka upande wa kinyozi]

MAMA PACHA: Haloo? Ni mtandao au ni aibu?

KINYOZI: Mtandao.

MAMA PACHA: Koti la nani hilo?

KINYOZI: Langu. Nilimwazima siku ya harusi ya dada yako.

MAMA PACHA: Mfuko umetoboka. Leo naufumua nitie kiraka, chuma kikaniangukia kidoleni. Umemvika mtu mashine yako mwenyewe, kesho yake ukamtangaza mwizi—

KINYOZI: Yupo hapo?

MAMA PACHA: Amesikia yote, nimeweka spika. Anajifanya anatafuta kiatu uvunguni.

KINYOZI: Anasemaje?

MAMA PACHA: Anakohoa. Tangu mgombane hajamkubali kinyozi mwingine. Anazo ndevu, nusu ya mchuzi inaishia humo.

KINYOZI: Mwambie basi... mwambie nime—

MAMA PACHA: Mwambie mwenyewe, salio langu linakata. Tumetenganishwa na ukuta tu.

KINYOZI: Nilishasema siutii mguu wangu kwenu.

MAMA PACHA: Subiri, anaongea... Anasema njoo ule kabla hakijapoa. Na uje na wembe mpya, ameshakaa kwenye ki—