Nafasi ya Nne ya Mzee Zamu

Wasifu huu unasomwa na binti mkubwa wa marehemu. Mama yake ndiye aliyemtaka ausome, na yeye mwenyewe ana jambo la kukiri kabla baba yake hajafunikwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mzee Zamu, alizaliwa Ijumaa, tarehe 17 Machi 1950, katika nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Bibi yake alikuwa akisema mjukuu huyo alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili, na hiyo ikawa mara ya mwisho kumchelewesha mtu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya reli, kuanzia 1958 hadi 1964. Hesabu zilimpiga chenga, lakini alipofika darasa la nne alikabidhiwa kengele ya shule. Siku moja mwalimu mkuu, aliyekuwa na safari yake, alimwamuru apige kengele ya kwenda nyumbani dakika kumi kabla ya wakati. Mtoto aliitazama saa ya ukutani akajibu, "Mwalimu, bado." Alichapwa viboko viwili, akarudi kusimama chini ya kengele, akasubiri dakika zilizobaki, ndipo akaipiga.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa katika uwanja wa gofu, kwenye kibanda cha kuanzia, akadumu hapo miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kushika orodha ya wachezaji waliopangwa wannewanne, kuwaita kwa saa yao, na kutia alama ya vema mbele ya jina la kila aliyepiga mpira wa kwanza. Jumatano ya tarehe 6 Juni 1984 kulikuwa na ukungu mzito. Aliwaita wanne, akasikia mipira minne ikipigwa, akatia vema nne. Wa mwisho, mwalimu mstaafu, alimwambia "asante" akipita dirishani. Saa nne baadaye walirudi watatu. Simu ya ofisini ikalia: mke wa mwalimu alikuwa akiomba radhi kwamba mumewe hakuweza kufika, kwani hakuamka asubuhi ile; alikuwa amefariki usingizini.

Tangu siku hiyo Mzee Zamu hakutia vema kabla hajampa mtu mkono. Binti yake alimcheka miaka yote. "Baba, ulikuwa ukungu tu."

"Mwanangu, ukungu hausemi asante," alimjibu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1979, na karani wa masjala ya zahanati, mwanamke pekee aliyewahi kumsubirisha naye asinung'unike. Walijaliwa watoto watatu. Mama anasema katika maisha yao yote hawakugombana kwa jambo kubwa, ila saa ya sebuleni ilikuwa ikitangulia dakika tano na baba hakuacha kuilalamikia.

Wafanyakazi waliruhusiwa kucheza siku za Jumatatu tu, uwanja ukiwa umefungwa, na hivyo ndivyo alivyojifunza gofu. Hakuwahi kuitwa na mtu aliyekaa kibandani. Alipostaafu akasema kabla ya kufa lazima naye aitwe. Oktoba mwaka jana alianza kupanga safari ya kwenda kucheza gofu kwenye ukanda wa hoteli za ufukweni, pamoja na daktari wake wa meno, dereva mstaafu wa basi la shule, na shemeji yake fundi cherehani. Aliipanga kwa miezi kumi na moja katika daftari la jalada gumu: wapi basi lisimame ili dereva anyooshe goti, chumba cha fundi kiwe mbali kiasi gani kwa sababu ya mikoromo, upepo wa bahari unaanza saa ngapi. Fundi alishona kofia nne za kahawia. Siku ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Jina lake aliliandika la nne.

Mwishoni mwa Julai alianza kukonda. Madaktari walikuta uvimbe kwenye ini. Alilazwa tarehe 28 Agosti, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, kofia yake ikining'inia kwenye chuma cha kitanda. Jumatatu ya tarehe 11 Septemba daktari alimweleza binti mkubwa ukweli. Binti alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu kule hotelini, akamwondoa baba yake kwenye orodha. Hakumwambia mtu yeyote, si mama, si wadogo zake. Alidhani anafanya jambo la busara.

Kesho yake mchana baba alimshika mkono. "Hamjanifuta?"

"Hatujakufuta, baba."

"Basi wale waende. Wacheze kwa saa yake, halafu waje wanizike."

Alifariki siku hiyo, Jumanne tarehe 12 Septemba, saa kumi na robo jioni. Binti alikuwa amemdanganya, na uongo huo ndio maneno ya mwisho aliyoyasikia kwake. Hajalala vizuri tangu hapo.

Aya zinazofuata ziliongezwa jana, mchapaji akiwa ameshapanga kurasa. Wazee wale watatu walitii. Alhamisi walifika kwenye kibanda cha kule pwani wakiwa na kofia zao, ya nne ikiwa imefungiwa kabatini kwa binti. Mwanamke aliyekaa kibandani aliwapa mikono, akauliza, "Mwenzenu mbona hamkumsubiri? Ameshapiga, anawangoja mbele."

"Mwenzetu yupi?" daktari wa meno akauliza.

"Mzee wa kofia kama zenu. Kaja wa kwanza, kanipa mkono. Baridi hiyo! Jina lake halikuwemo, nikaliandika mwenyewe. Nikaomba radhi, akasema sisi hatuna kosa. Kasema aliyemfuta ni mwanawe, alimwonea huruma, asigombezwe."

Fundi aliiomba karatasi ile akaileta nyumbani. Majina matatu yamechapwa. La nne ni la wino wa bluu, na mbele yake kuna alama ya vema. Leo imo ndani ya jeneza, kwenye mfuko wa shati lake. Binti huyu, aliyecheka habari za ukungu kwa miaka yote, hana tena la kucheka. Anaogopa, na anashukuru.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, dada wawili, shemeji yake fundi, na marafiki wawili ambao tangu Alhamisi hawataki kuachwa peke yao chumbani.

Baba, nisamehe. Umeitwa kwa saa yako na jina lako limo. Tangulia salama, upumzike.