Kasimiro Andama na "Otherwise" Yake

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mzee Kasimiro Andama, mpiga chapa wa ofisi yetu ya viwanja hapa Arua, anastaafu tarehe 30 Juni 1994. Kiingereza nacho kinastaafu siku hiyohiyo, maana amekichosha.

Alianza kazi Koboko mwaka 1968. Mwaka 1979, vita vilipofika kwetu na sisi wengine tukakimbilia Sudani na unga wa muhogo, yeye alibeba taipureta ya ofisi. Laiti angeisahau!

Kila barua yake lazima iwe na "otherwise". Kamusi zote zinasema maana yake ni "la sivyo": fanya hivi, la sivyo utakiona. Mzee Andama aliamua ni neno la adabu, la kuhamia kwenye salamu. Mwalimu Celestina wa Awindiri aliandikiwa alete cheti chake cha kiwanja, "otherwise sisi hatujambo". Maskini, alibaki akijiuliza kama akikileta tutaugua.

Mimi, Sule, karani mwenzake na bingwa wa sarufi asiyeombwa, nilimsahihisha kila wiki. Alinishukuru sana, kisha akaendelea vilevile.

Mwaka 1987 mama yangu, Mariam Poni, alirudi kutoka ukimbizini akakuta nyumba yake ya mtaa wa Oli imekaliwa na mchuuzi mmoja, Yangi. Mvua zilikuwa zimeanza, na mama analala kwenye baraza ya jirani. Iliniuma mno. Nikamwandikia Yangi barua tatu za Kiingereza safi, kila "therefore" mahali pake. Yangi akazifungia karanga.

Mzee Andama akapiga ya nne bila kuombwa: mrudishie Mama Poni nyumba yake kufikia Ijumaa, "otherwise askari wa kambini wanakusalimu". Alikuwa akifikisha salamu tu. Shemeji yake ni mpishi huko kambi ya jeshi. Alhamisi asubuhi Yangi aliingia ofisini akihema.

"Funguo iko hapa! Mimi natoka leo. Ambia hao askari, mimi nasalimia wao pia."

Wasifu huu nimeuandikia katika nyumba hiyo ya Oli, na mvua inanyesha nje. Tangu siku ile sijamsahihisha mtu.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na kwa paa hili. Tunakutakia afya na mapumziko marefu. Pumzika vizuri, otherwise Mama Poni anakusalimu.