Kilo Sita kwenye Mizani ya Viazi

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nilipopanda mizani ya kupimia viazi bandani kwetu Kibirichia. Akina mama wanane wa kikundi hiki tulikuwa tumekubaliana kukimbia kila siku kwa miezi mitatu, na kupimana kila Jumatatu kabla wanunuzi hawajafika. Nilianza na kilo themanini na moja. Siku hiyo, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, nilikuwa themanini na saba.

Mmoja wenu alisema, "Jameni, hii sasa ni lumbesa!" Yaani gunia lililojazwa likapita mdomo. Nilicheka pamoja nanyi. Ningefanya nini?

Ndugu zangu, nawaambia, sikukosa hata siku moja. Niliandika daftarini dakika nilizokimbia na kila nilichokula. Mwenzangu aliyekula kunishinda alipungua kilo saba. Mimi nilichoka tu. Nilichimba viazi saa sita mchana, jua likiwaka, nimevaa sweta mbili.

Nyumbani mume wangu akaniuliza, "Mama watoto, kwani unakula jikoni kabla ya kupakua?"

Nikamwonyesha daftari.

"Hilo si unaandika wewe mwenyewe?"

Kesho yake aliingia jikoni, akashika mwiko, akatupakulia githeri mbele ya mama yake. Mnajua kwetu ni aibu gani mwanamume kushika mwiko na mke wake ni mzima. Nilipokea sahani kama mgeni. Nijitetee vipi, na mwili wangu mwenyewe ndio ulikuwa shahidi wake? Nikanunua poda ya kupunguza unene, chai ya kukata tumbo, mshipi wa kubana. Kilo hazikushuka.

Kisha nikaenda zahanati kwa kikohozi. Muuguzi hakuniuliza ninakula nini. Aliuliza, "Mama, mbona sweta mbili na joto hili?" Akanishika shingo, akaagiza nipimwe damu. Ikaonekana tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha, hivyo mwili unatumia chakula polepole. Mbio peke yake hazingeweza kurekebisha hilo. Dawa nitameza maisha yangu yote, asubuhi kabla ya chai.

"Nitakuwa mwembamba?" nikauliza.

"Utapungua kidogo. Lakini hiyo mifupa mipana ulizaliwa nayo."

Mwaka umepita, nimepungua kilo tano. Mume wangu alisoma karatasi ya vipimo, akaikunja, akasema, "Haya." Hajaingia jikoni tena. Neno pole sijalisikia, na sijui linaombwaje.

Namshukuru muuguzi yule, na mmoja wenu aliyeacha kukimbia ili atembee nami polepole. Sisemi kila mnene ana ugonjwa. Nasema mtu akikwambia amejaribu, mwamini kwanza, kisha mpeleke akapimwe. Mimi nilijaribu kila kilichouzwa: poda elfu kumi na mbili mia tano, chai elfu nne mia nane, mshipi elfu tatu mia mbili. Jumla niliyopoteza ni shilingi elfu ishirini na mia tano.