Dakta Rifaat Qandil na Mishono ya Njiwa

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi saba ya utumishi, Dakta Rifaat Qandil, mkuu wa idara ya upasuaji ya Hospitali ya Mfereji wa Mashariki, anastaafu Alhamisi hii, tarehe 17 Oktoba 2019, siku anayotimiza miaka sitini. Kamati ya jarida imeniomba mimi, Insaf Zahran, muuguzi wa chumba cha upasuaji, niandike wasifu wake, kwa sababu nimesimama upande wake wa kulia tangu mwaka 1990 nikimpa visu na mikasi. Wameniambia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa moyo wangu hauko huko.

Alifika kwetu Machi 1985, kijana mwembamba mwenye suti ya kuazima, akitokea kijiji cha mashamba ya pamba upande wa pili wa mto. Baba yake alikuwa mchambua pamba kiwandani. Wakati huo hospitali ilikuwa na meza moja ya upasuaji na taa iliyozimika kila kiwanda cha barafu kilipowashwa. Leo tuna meza nne, na tatu kati ya hizo zimepatikana kwa sababu yeye alikwenda wizarani mara kumi na moja, akakaa kwenye benchi la korido na mkoba wake magotini mpaka wakamchoka. Mwaka 1997, basi la wafanyakazi lilipotumbukia kwenye mfereji, alisimama mezani siku mbili. Majeruhi kumi na wanane kati ya kumi na tisa walirudi kwao. Huyo mmoja aliyefariki, Dakta anamkumbuka kwa jina hadi leo, na ukimtajia wale kumi na wanane anabadilisha mazungumzo.

Amefundisha madaktari sitini na watatu. Wote wanaikumbuka hotuba yake ya Jumamosi ya kwanza. Vijana huingia wamekakamaa, wametoka kwenye miaka saba ya chuo, mama zao wamekwisha kuwatangaza mtaa mzima. Yeye huwaangalia mmoja mmoja juu ya miwani.

“Nani kawaambia upasuaji ni mgumu?”

Anavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti.

“Basi nitawaambia mimi. Ni sisi wapasuaji wenyewe! Tunataka mtupishe kwenye lifti. Haya, mama yako nyumbani hajazi ngano tumboni mwa njiwa wa kupika? Hamshoni? Kasoma chuo gani?”

Hapo ndipo ilipoanzia desturi ya Ijumaa, na kwa kuwa ilifanyika jikoni mwangu, niacheni niieleze vizuri. Mwishoni mwa mwezi wa tatu wa mafunzo, kila kijana alikuja kwangu baada ya sala ya Ijumaa na njiwa wake aliyesafishwa. Alimjaza ngano changa iliyochomwa, vitunguu na maini, akamshona shingo na tumbo kwa sindano na uzi wa hospitalini uliopitwa na tarehe. Kisha wote waliingia kwenye sufuria moja kubwa, kila mmoja na alama yake ya uzi mguuni. Aliyepasukiwa na njiwa aliosha vyombo vyote vya siku hiyo, na Ami Gharib, mpika chai wetu, alisimama nyuma yake kumkagua.

Siri ya njiwa wote wanaijua sasa. Ngano huvimba ndani ya maji ya moto. Ukijaza kupita kiasi, au ukivuta uzi kwa nguvu ukidhani nguvu ndiyo usalama, mshono unakatika na supu inageuka uji. “Acha nafasi,” Dakta alikuwa akisema huku akizunguka meza. “Tumbo la mtu nalo litavimba kesho yake. Usimshone mgonjwa wa leo, mshone wa kesho.” Kuna bwana mmoja kutoka Kairo, leo ni profesa na ana walinzi mlangoni, aliyepasua njiwa watatu kwa Ijumaa tatu. Ami Gharib akamwambia, “Daktari, ukinipasua mimi naomba unifunge kwa zipu.” Mwaka uliofuata bwana huyo alikuwa mshonaji hodari kuliko wenzake wote.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuwa mpasuaji ni kugumu kama watu wanavyodhani, mimi niliyewaona sitini na watatu wakianza, nitakwambia hapana. Kunachosha. Kunataka subira, na mtu wa kukukemea bila kukudharau. Dakta Rifaat alikuwa mtu huyo kwa watoto wote wa watu.

Ila wake mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huruka. Sitaruka, na sababu nitaieleza.

Binti yake Nihal alimaliza udaktari na mwaka wake wa mazoezi mwaka 2010. Kwetu anayefaulu zaidi ndiye anayechagua idara kwanza, na Nihal alikuwa wa tatu katika darasa lake zima, maana yake mlango wowote ulikuwa wazi. Fomu ya machaguo ilikuwa irudishwe Jumapili. Alitaka upasuaji. Alikuwa akiutaka tangu ana miaka kumi, alipokuwa akifunga mafundo ya upasuaji ya baba yake kwenye mikono ya makochi mpaka mama yake akapiga kelele. Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo alikuja jikoni kwangu na njiwa wake kama vijana wengine, ingawa mafunzo ya upasuaji alikuwa hajayaanza. Hakuomba upendeleo.

Nilimtazama akishona. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba niliacha kukata nyanya. Vidole vyake havikuwa na haraka wala hofu, na alipomaliza ilinibidi nimgeuze njiwa kwenye mwanga ndipo niuone uzi. Niliwahi kuona mshono kama ule mara moja tu, na aliyeushona ni baba yake, akiwa na miaka arobaini.

Vijana walikuwa sebuleni wakisubiri chakula, wanacheka. Nilipofunua sufuria njiwa wawili walikuwa wamepasuka, wa Nihal alikuwa mzima. Dakta akaingia jikoni na kurudishia mlango.

“Wa Nihal yukoje?”

“Mzima, Dakta. Mzima kuliko wako wa mwaka jana.”

Nilitegemea acheke. Alisimama akimwangalia yule njiwa kwenye sinia.

“Ukate uzi, Insaf.”

“Unatania.”

“Ukate. Nakuomba, Hajja.”

Miaka ishirini alikuwa akiniagiza tu, hajawahi kuniomba. Nami miaka ishirini nilikuwa nikimpa mtu huyu visu bila kumuuliza vya nini, na siku hiyo pia sikuuliza. Nilichukua kisu cha vitunguu, nikakata uzi, nikaminya tumbo kidogo ngano ikamwagika. Kisha nikabeba sinia kwa mikono yangu mwenyewe, nikaliweka mbele yao.

Nihal aliinama akamwangalia njiwa wake. Dakta akasema, kwa sauti ya upole ambayo hatumii kazini, “Si kila mtu kaumbiwa kazi hii, mwanangu. Kazi hii ni ngumu.” Ndiyo mara ya pekee nimemsikia akisema kazi hii ni ngumu. Kijana mmoja akajaribu kuleta mzaha, hakuna aliyecheka. Nihal aliosha vyombo vyote, hata vya wale wawili waliopasukiwa kweli, akanibusu shavuni, akaniambia, “Asante kwa chakula, Shangazi Insaf.” Jumapili, kwenye ile fomu, akaandika maabara.

Wengi wenu mnamjua Dakta Nihal wa chumba cha chini, yule asiyependa kusumbuliwa. Kila kipande cha nyama ambacho baba yake alimtoa mgonjwa kilishuka kwake ndani ya chupa, na kwa miaka tisa majibu yamepanda kwa mwandiko wake: kingo ni safi, yaani ugonjwa umetolewa wote. Mara mbili aliandika kuwa kingo si safi. Mara zote mbili baba yake alimrudisha mgonjwa mezani siku iliyofuata bila ubishi, na wagonjwa hao wawili wako hai. Hiyo nayo iandikwe kwenye mafanikio ya idara. Lakini sikuwahi kuwaona wawili hao wakinywa chai pamoja.

Jumatatu ya wiki iliyopita Dakta alinikuta nikihesabu vyombo. Akasema, “Ulikuwepo siku ile. Twende uwepo na leo.” Hakunieleza zaidi na sikuhitaji. Tulishuka ngazi, yeye mbele.

Nihal alikuwa amevaa glavu, anakata kipande cha utumbo juu ya ubao. Hakuinua uso.

“Baba. Kuna tatizo na jibu la jana?”

“Hakuna. Nihal, yule njiwa wako hakupasuka. Nilimwagiza Hajja akate uzi.”

Kisu chake kilisimama. Mimi nilibaki mlangoni.

“Niliogopa,” Dakta akaendelea. “Mama yako alikula peke yake miaka ishirini na tano. Nikajiona nakukabidhi sahani ileile. Nikajiambia nakuokoa.”

Nihal akauliza, “Ni ngumu kweli? Kazi yenyewe. Ni ngumu kama ulivyoniambia?”

“Hapana,” alisema Dakta Rifaat. “Kwako isingekuwa ngumu.”

Nihal akaweka kisu chini, akavua glavu moja, akaikunja.

“Nilijua umekatwa, Baba. Uzi ukikatika kwa kuvutwa unanyambuka. Ule ulikuwa na ncha safi. Niliuona palepale, kabla sijashika hata tonge.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme nini? Baba yangu anakata uzi ili nisiingie kwake. Niingie kufanya nini?”

Dakta akasema, “Nisamehe, mwanangu.” Nihal akavaa glavu mpya. Akasema kuna mtu wodini anangoja jibu tangu asubuhi, na kwamba mlango ule hufungwa kwa kuvutwa, si kwa kusukumwa. Tukatoka. Dakta alipanda ngazi mpaka kituo cha katikati, akakaa chini palepale na koti lake jeupe, akalia kama mtu aliyefiwa. Nilikaa karibu naye. Wauguzi wawili walipita, wakajifanya hawakutuona, Mungu awabariki.

Alipojifuta uso aliniambia, “Iandike kwenye lile jarida lenu. Usiponiandikia, nitasimama mwenyewe kwenye sherehe niiseme. Nimewaambia vijana miaka yote kuwa si kazi ngumu, wanajua nilikuwa mkweli. Wajue na nilipodanganya.” Nilimwambia kuwa Nihal ndiye mwenye ruhusa. Nikampelekea karatasi hizi maabara. Alikaa nazo siku mbili. Zilirudi zikiwa na sahihisho moja tu la wino mwekundu: mimi nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa wa nane katika darasa lake, yeye akakata akaandika wa tatu.

Kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wafua mashuka, Ami Gharib na wagonjwa wasiohesabika wanaotembea mjini na makovu membamba wasiyoyaonea haya, tunakushukuru, Dakta Rifaat. Ulitufundisha kazi, ukatulinda kwa wakubwa, na hukuwahi kumtupia muuguzi lawama ya kosa lako. Kilichotokea jikoni kwangu hakifuti hayo, na hayo hayakifuti. Twakuombea afya, usingizi usiokatishwa na simu, na miaka mingi ya kula chakula kikiwa bado cha moto. Tunatumaini siku moja binti yako atakuja kula nawe, lakini hilo si letu kulipanga, wala si lako.

Aya hii ya mwisho haikuwamo Nihal alipozisoma karatasi, kwa hiyo makosa yake ni yangu. Nihal, baba yako alizungumza siku ile, mimi nikasimama mlangoni kama bubu. Yeye aliagiza, lakini kisu nilishika mimi, na sinia nililibeba mimi. Ulinibusu shavuni nikakubali busu. Nimeona mikono sitini na mitatu ikijifunza kazi hii, na wako ulikuwa wa sitini na nne, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Mshono wako haukupasuka. Niliukata mimi.