Askari wa Mjerumani

Ndani ya basi la Pugu, mwaka 1972, mbele yangu walikaa mwalimu Demetria na mzee Albano, waliojuana majina tangu kituo cha Kipawa. Mwalimu alikuwa anasimulia kitabu alichokimaliza, cha Vita vya Majimaji. "Wale askari weusi wa Mjerumani waliochoma maghala ya wenzao, mie naona walikuwa wasaliti tu."

Mzee alimgeukia. "Baba yangu alikuwa mmoja wao," alisema. "Na alinilea vizuri sana."

Nilijifanya naangalia mikorosho.

"Samahani, mzee wangu. Aliwahi kukueleza kwa nini?"

"Sikumuuliza. Nilimpenda, nikaliogopa jibu. Wewe ungemuuliza?"

Basi lilisimama Pugu. Mwalimu aliinuka, akampisha mzee atangulie kushuka.